Mirija Minne

Al Khoudh, saa kumi na moja alfajiri.
Kiyoyozi kinakoroma kama mtu mwenye mafua,
nje joto limeamka kabla ya jua.
Sista Jisha ananiletea mrija wa kwanza:
Thuwaiba binti Nassor, miaka sitini na miwili,
saratani ya ovari, kupasuliwa leo saa mbili.

Karatasi haikusema ni Bi Thuwaiba wa nyumba ya tatu,
mpika vitumbua vya Ijumaa,
anayemgombeza kwa Kiswahili
paka asiyejua ila Kiarabu.

Damu haina lafudhi. Nikaitia mashineni.

Kwenye mabango ya zahanati chembe nyeupe huchorwa askari,
kofia za chuma, mikuki.
Miaka kumi na mmoja nazihesabu, sijaona askari.
Naona watu wa mtaa.
Wapo wa kukimbilia zogo.
Wapo wenye kumbukumbu, hawajasahau hata surua ya utotoni.
Wapo wauaji wa kuzaliwa, ndivyo kitabu kinavyowaita,
hawangoji amri ya mtu.
Na wapo wasuluhishi,
kazi yao kusema: basi, yaishe,
tusije tukachoma nyumba kwa ajili ya panya.
Bila wao mwili hujila.

Lakini katika mrija ule wasuluhishi walifurika.
Uvimbe ulikuwa umewaita mmoja mmoja,
umewakalisha kitako, umewamiminia kahawa,
umewaambia: mimi si mgeni, mimi wa humu humu.
Nao wakatoka kuwatuliza wenzao:
mwacheni, ni damu yetu.

Na kweli ni damu yetu. Hapo ndipo panapouma.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu kakaa labda miaka miwili
na hakuna aliyethubutu kumwonyesha jembe lilipo.

Kesho yake damu ilikuja na kelele.
Wa kukimbilia zogo wamezidi mara tatu.
Wauaji wa kuzaliwa wapo, mikono imelegea.
Wenye kumbukumbu wamepungua
hadi nikawahesabu upya kwa jicho, kwenye darubini,
nikidhani mashine imekosea.
Haikukosea.
Kisu kimemtoa mgeni,
kisu hicho hicho kimewalaza wenyeji.

"Si ajabu," alisema Daktari Maysun, shawarma mkononi.
"Siku hizi chache mlango hubaki wazi.
Kama kuna chembe iliyotoroka, huu ndio wakati wake."
Akafuta mdomo, akarudi wodini.

Mrija wa tatu, siku ya tatu. Afadhali ndogo,
ya kutafutwa kwa tochi.
Nikapanda ghorofani, jambo nisilolifanya kwa kawaida.

"Zuweina mwanangu, watu wangu wamerudi?"
Wako njiani, nikasema.
Haikuwa uongo. Haikuwa kweli pia.
Akacheka, akajishika tumbo:
"Usinichekeshe, nimeshonwa."
Kisha, macho dirishani:
"Kwao mume wangu, Bahla, falaji ikifukuliwa tope
siku ya kwanza maji hayanyweki.
Ya pili hayanyweki.
Mitende inavumilia. Nani aliwahi kuihama falaji
kwa sababu imesafishwa?"

Nilishuka ngazi nikiona haya
kwa mfano wangu wa watu wa mtaa.

Siku ya saba, mrija wa nne.
Wasuluhishi wamepungua, hakuna tena wa kuwamiminia.
Wenye kumbukumbu wamerudi kidogo,
kwa asilimia ya tarakimu moja.
Wauaji wa kuzaliwa bado wanapiga miayo.
Niliandika namba zote.
Safu ya maoni nikaiacha tupu,
nikakaa nayo muda, kalamu mkononi,
nikaiacha tupu.

Ijumaa ile hapakuwa na harufu ya vitumbua.
Paka alikuwa mlangoni pa nyumba ya tatu, analia.
Nikamgombeza kwa Kiswahili.
Hakuondoka.